Kaimu wa Kaimu

Tawi lile la benki lilikuwa na wafanyakazi wasiozidi kumi na watano, na karibu wote walikuwa mameneja. Aliyesimama mlangoni kuwaelekeza watu foleni alikuwa Meneja wa Mapokezi. Aliyezunguka madukani kuwabembeleza wenye maduka wafungue akaunti alikuwa Meneja Uhusiano. Yule wa kompyuta, ambaye utaalamu wake mkubwa ulikuwa kuzima mashine iliyokwama na kuiwasha tena, alikuwa Meneja wa Mifumo, na kadi ya kazi ilimning'inia shingoni hata akienda kunywa chai. Benki hiyo ilikuwa na mkono wa birika kwenye mishahara, lakini vyeo iligawa bila kujali. Cheo hakikuongeza hata senti mfukoni mwa mtu. Kiliongeza mstari mmoja kwenye kadi, na mashemeji wakaanza kukusogezea kiti ukifika.

Katika kundi lote hilo, aliyekuwa akifanya kazi ya umeneja wa kweli alikuwa mmoja, na huyo hakuwa meneja. Alikuwa kaimu.

Mwanamke huyu alianzia dirishani, akipokea fedha za watu na kuwahesabia za kwao. Akapanda hadi chumba cha hazina, kisha akawa mkuu wa shughuli za tawi, yaani mtu anayehakikisha madirisha yanafunguliwa kwa wakati, vitabu vinafungwa jioni, na hakuna anayetoka na kisicho chake. Meneja wa zamani alipostaafu, makao makuu walimpigia simu wakamwomba akishikilie kiti kwa muda mfupi. Muda huo mfupi ulikuwa umeingia mwaka wa tatu. Wafanyakazi walianza kumwita Bi Kaimu wakiwa jikoni, baadaye wakamwita hivyo mbele yake, na mwisho wateja nao wakalidaka. Mzee mmoja mstaafu, mwenye adabu zake, kila akimaliza kuchukua pensheni alimwambia, "Nisalimie Bwana Kaimu nyumbani." Naye alijibu kwamba salamu zitafika.

Funguo za hazina alishika yeye. Saini ya mwisho ilikuwa yake. Jambo likiharibika, wa kumwaga unga alikuwa yeye. Lakini mshahara ulibaki ule ule wa mkuu wa shughuli, daraja lile lile, kana kwamba si yeye aliyekikalia kiti, ila kiti ndicho kilichomkalia yeye. Kulikuwa na kitu kinaitwa posho ya ukaimu, kimeandikwa vizuri kabisa kwenye mwongozo wa watumishi, nacho kililipwa kwa idhini ya makao makuu. Alipouliza mara ya kwanza, aliambiwa idhini iko mezani. Alipouliza tena, mwenye meza alikuwa amehamishwa pamoja na meza yake. Hapo akaacha kuuliza, akaanza kudharau.

Alidharau kwa utaratibu, kama alivyofanya kila kitu. Aliwadharau wa makao makuu kwa barua pepe zao zinazomwita kila mtu "mwanafamilia" huku wakimlipa kama mtoto wa kambo. Aliwadharau mameneja wake wa kwenye kadi. Lakini dharau yake ya daraja la juu aliitunza kwa ajili ya Meneja Uhusiano, ambaye watu walimwita Slaidi, kwa kuwa hakuweza kusema jambo lolote, hata la sukari kuisha, bila kuliweka kwenye slaidi na kulimulika ukutani. Slaidi alivaa viatu vya ncha kali na alinukia hadi kwenye hazina. Kwa muda wote aliokaa tawini hakuwahi kutia saini karatasi yoyote ambayo ingeweza kumrudia. Ukimpelekea jambo la kuamua, alilisifu, akasema ni jambo zuri sana, akakuelekeza kwa mwingine. Mtu akimtazama Slaidi anavyopandishwa mshahara mwaka hadi mwaka, alianza kujiuliza kama kazi yenyewe haikuwa kikwazo cha kupanda.

Na pale chini, dirisha la mwisho, alikuwapo keshia mmoja waliyemwita Kimya. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, kwenye mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Hesabu yake haikuwahi kupishana, hakuchelewa, na hakusema. Hilo la mwisho ndilo lililomkera Bi Kaimu. Wengine wakitaka kitu walikuja ofisini kwake, wakakaa ukingoni mwa kiti, wakajikomba kidogo, naye akawadharau na kuwapa. Kimya hakuja. Kila mkataba ulipokaribia kwisha, Bi Kaimu alitakiwa kuandika mapendekezo kama huyu athibitishwe, apate ajira ya kudumu na mshahara wa watu wa kudumu na bima ya matibabu, au la. Kila mara aliandika aendelee kuangaliwa, akamwongezea mwaka. Kimya akiuliza, aliambiwa makao makuu hawajaamua. Bi Kaimu hakuona ubaya wowote katika hilo. Yeye mwenyewe alikuwa akipigwa kalenda kwa maneno hayo hayo, na hakuwa amekufa.

Sasa, benki zina utaratibu mmoja ambao watu wa nje huuona wa ajabu. Kila mfanyakazi, awe mkubwa awe mdogo, mara moja kwa mwaka lazima akae nyumbani majuma mawili mfululizo bila kugusa kazi. Anakabidhi funguo, jina lake linafungwa kwenye kompyuta, na mtu mwingine anakalia kiti chake. Lengo si kumpumzisha. Mwizi wa benki hawezi kuiacha meza yake, maana kila siku ana shimo la kufukia, na asipokuwapo shimo linaonekana. Kazi nyingine, mtu asiyechukua likizo hupewa cheti na kupigwa picha. Kwenye benki huletewa wakaguzi.

Bi Kaimu alilijua hilo kuliko mtu yeyote tawini, na bado tangu ashike kiti hakuwa ameondoka. Mwaka wa kwanza alisema kuna mifumo mipya. Mwaka wa pili alisema kuna upungufu wa watu. Ukweli ni kwamba aliogopa kuinuka. Hakuiba hata kalamu, lakini alikaa pale kama mwizi, akiamini kwamba siku atakayotoka ndiyo siku watakayokuja kumthibitisha wakamkosa.

Mwishowe makao makuu wakapiga simu. Aliyepiga alikuwa mkuu wa rasilimali watu, mama mmoja mwenye sauti ya asali, ambaye benki nzima ilimwita Mama Rasilimali.

"Dada, wa ukaguzi wananiuliza habari zako," alisema. "Hujaenda likizo ya lazima tangu lini?"

"Kazi zimenibana."

"Hata yule aliyefungwa mwaka juzi alisema zimembana. Nenda nyumbani, waache wapekue. Ukirudi safi, kamati ya uthibitisho inakaa wiki hiyo hiyo, na jina lililoko mezani ni lako peke yako. Uthibitisho ukipita, na posho yako yote ya nyuma inapita nao."

Bi Kaimu aliketi wima. Hiyo posho ya nyuma, ukiijumlisha, ilikuwa ada ya watoto wake wawili mpaka wamalize, na paa jipya juu. "Nani atakaa hapa?" aliuliza.

"Meneja Uhusiano."

"Huyo hawezi."

"Ni majuma mawili tu, dada. Atakuwa kaimu wa kaimu."

Bi Kaimu alicheka, kicheko cha puani, na Mama Rasilimali alikisikia.

Asubuhi ya mwisho kabla ya kuondoka aliwakusanya wafanyakazi wote nyuma ya kaunta, akawarudia somo alilowasomea mwaka nenda mwaka rudi. Mtu aliye kwenye likizo ya lazima haruhusiwi kugusa kazi kwa mkono wala kwa mdomo. Akipiga simu tawini kuhusu kazi, aliyeipokea anairipoti ukaguzi siku hiyo hiyo. Mwenye la kusema ana mtu mmoja tu wa kumpigia, naye ni Mama Rasilimali.

"Awe mdogo, awe mkubwa," alisema. "Hata nikipiga mimi. Tena nikipiga mimi ndiyo mharakishe."

Wote walicheka, isipokuwa Kimya, ambaye alikuwa akisikiliza.

Kisha akamkabidhi Slaidi funguo na mafaili. Alimweleza kila kitu ambacho mwongozo unataka kielezwe, na hakuzidisha neno. Habari za kinu, kwa mfano, hakumwambia. Kinu cha unga kilikuwa mteja mkubwa kuliko wote, na kila mwisho wa mwezi mwenye kinu alileta malipo ya mishahara ya watu wake kwa kuchelewa, yakiwa yamepita kiwango cha mkopo alichoruhusiwa. Kila mwisho wa mwezi Bi Kaimu aliangalia unga ulioko ghalani na fedha zinazoingia kesho yake, akayapitisha kwa saini yake. Jambo hilo lilikuwa ndani ya uwezo wa meneja, ila lilihitaji meneja. Mwenye slaidi atamulika, alijisemea, akachukua mkoba wake. Alikuwa na hakika kwamba kabla juma la pili halijaisha, makao makuu wenyewe wangempigia kumbembeleza arudi.

Nyumbani, mumewe alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, na karakana yake ilikuwa sebule. Alikuwa mtu mpole aliyezoea kufanya kazi peke yake na redio, na hakujua majuma mawili yanaweza kuwa marefu namna ile. Mkewe alimpangia vitambaa upya kwa rangi. Akamwuliza kwa nini anakata mikono ya mashati kabla ya kola. Akawawekea wateja viti kwa mstari, wa kwanza kufika wa kwanza kupimwa.

"Mama watoto," mumewe alisema, pini zikiwa mdomoni, "hapa hakuna foleni. Wanakuja wawili kwa siku."

"Ndiyo maana wanakuja wawili."

Simu yake ilikaa mezani kati ya mkasi na chaki, uso juu. Haikulia. Ilipolia, alikuwa wifi yake akitaka kujua, maadamu meneja sasa yuko nyumbani na ana nafasi, kama anaweza kumwingiza mwanawe benki. Ndugu wa mume hawakuwahi kusikia neno kaimu. Bi Kaimu, aliyewacheka wenye vyeo vya kwenye kadi, nyumbani alikuwa meneja tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyemsahihisha, maana mumewe alikuwa na staha.

"Unangoja nani akupigie?" mumewe alimwuliza siku hiyo.

"Singoji mtu."

"Basi ilaze kifudifudi hiyo simu, inanitazama."

Mwezi ulipofika mwisho, alitoka kwenda kumnunulia vifungo. Pale dukani alikutana na mhasibu wa kinu, mwanamume mnene aliyekuwa akitokwa na jasho, naye alimtazama kama mwenye kiu aliyeona maji.

"Bi Kaimu, mnatufanya nini?" alisema. "Malipo yetu yako kwa yule bwana tangu jana. Anasema ni maombi mazuri sana, ameyapenda, anayachakata. Watu wetu wamekaa getini, wana watoto nyumbani, na mimi ndiye wanayemwangalia."

"Hakutia saini?"

"Ametuonyesha slaidi."

Angeweza kumpa pole na kuendelea na vifungo vyake. Angeweza kumpigia Mama Rasilimali, aliyeruhusiwa kupigiwa, na jambo lingekwisha. Lakini kumpigia yule mama kungekuwa kuomba, na alikuwa amechoka kuwaomba watu asiowaheshimu. Tena, chini ya huruma yake kwa wale wa getini, kulikuwa na furaha, nayo ilikuwa kubwa kuliko huruma. Wameshindwa. Ameondoka siku chache tu na wameshindwa. Alitoka nje ya duka kwa raha ambayo hakuwa ameipata tangu aanze kazi.

Akafikiria nani wa kumpigia tawini. Meneja wa Mifumo alikuwa domo kaya. Meneja wa Mapokezi alikuwa mtu wa Slaidi. Kati ya wote alimchagua Kimya, kwa sababu Kimya hasemi.

"Ni mimi," alisema. "Nenda kwa huyo bwana sasa hivi. Mwambie malipo ya kinu yapite. Ghala limejaa na fedha zao zinaingia kesho, aangalie mwenyewe. Atie saini tu, hakuna kitakachomuuma."

"Bosi, uko likizo."

"Najua niko wapi. Fanya nilivyokwambia."

"Nimekusikia," Kimya alisema, na simu ikakatwa.

Bi Kaimu akarudi dukani, akanunua vifungo, akampa mhasibu wa kinu neno lake kwamba mambo yameshaisha. Siku hiyo hakumsahihisha mumewe hata mshono mmoja.

Aliporudi kazini wakaguzi walikuwa wamemaliza, na kamati ikamwita makao makuu, kwenye chumba chenye ubaridi wa friji na chupa za maji ambazo hakuna aliyezigusa. Mama Rasilimali alikaa katikati. Pembeni yake walikuwapo wanaume wawili wenye tai, mmoja mrefu na mmoja wa kutikisa kichwa.

"Kwanza nikuambie, uaminifu wako hauna doa," alisema Mama Rasilimali. "Wamepekua kila mahali, hawakukuta hata senti nje ya nafasi yake. Lakini kuna simu."

Bi Kaimu aliuweka mkoba wake sakafuni.

"Iliripotiwa dakika ile ile. Tena imeandikwa vizuri, neno kwa neno. Ndivyo ulivyowafundisha, na kwa hilo tunakupongeza."

"Nilikuwa nakinusuru kinu. Watu walikaa getini bila mishahara."

"Kinu kimehamia benki ya jirani."

"Kwa sababu mtu wenu hakutia saini."

Yule mrefu akabonyeza kitu, na ukuta ukawaka. Ilikuwa slaidi. Ilisema kwamba katika majuma mawili ya uongozi mpya tawi limepunguza kwa kiasi kikubwa hatari ya kumtegemea mteja mmoja. Palikuwa na mshale wa kijani unaoshuka. Yule wa kutikisa kichwa akatikisa kichwa.

"Tunachokiona ni utulivu," alisema mrefu. "Kipindi chote hakuna alichoharibu."

"Hakuna alichogusa."

"Ndiyo," alisema yule mrefu kwa furaha, kama mtu aliyeona kwamba hatimaye wameelewana.

Mama Rasilimali akashusha sauti, ikawa asali tupu. Alisema kiongozi ni mtu anayejua kuachia. Alisema watu wa shughuli ni uti wa mgongo wa benki. Alisema Bi Kaimu atarudi kwenye nafasi yake ya ukuu wa shughuli kwa heshima zote, na habari ya posho itafuatiliwa kwa kuwa idhini yake iko mezani. "Na usiwe na wasiwasi, dada," alimalizia. "Mshahara wako hautaguswa."

"Hamjawahi kuugusa," alisema Bi Kaimu, akachukua mkoba wake.

Hivyo Slaidi akathibitishwa, moja kwa moja, bila kusubirishwa. Alipewa mshahara wa meneja, gari la meneja na mafuta ya gari. Majuma mawili ya kukaa kimya kwenye kiti cha mtu yalitosha kumfikisha alipo, na mwenzake aliyekiendesha kiti hicho kwa miaka akashushwa bila kuwa amepandishwa. Tawini hawakujua wamwite nani. Wengine waliendelea kumwita Bi Kaimu kwa mazoea, na hilo lilimchoma kuliko kama wangemwita kwa tusi.

Hakuhitaji kuuliza nani aliripoti. Kimya alikuwa dirishani kwake kama kawaida, akamwamkia kama kawaida, wala hakukwepa macho yake. Bi Kaimu ndiye aliyeyakwepa. Usiku alimwambia mumewe kwamba amemfuga nyoka. Mumewe alikuwa akitia uzi kwenye sindano.

"Ulimwambia aripoti?" aliuliza.

"Nilimwambia."

"Basi," mumewe alisema, akaendelea na uzi wake, na Bi Kaimu hakuongea naye hadi kesho yake.

Kisha Slaidi akamwita ofisini. Alikuwa ameigeuza meza itazame mlango, na ukutani ametundika picha yake mwenyewe akipeana mkono na mtu aliyekatwa na fremu. Alisimama kumkaribisha. Akamvutia kiti, kile kile cha wageni ambacho watu walikuwa wakikalia ukingoni.

"Dada yangu, yaliyokupata yameniuma sana."

"Nashukuru."

"Nimekuita kwa jambo dogo. Yule wa dirisha la mwisho, mkataba wake unaisha mwezi huu. Mapendekezo unaandika wewe, mkuu wa shughuli, na yanakwenda makao makuu moja kwa moja. Mimi siwezi kuyaingilia."

"Huwezi, kweli."

"Sikuambii uandike nini. Nasema tu kwamba mtu aliyemchoma bosi wake, ukiandika kwamba hatumhitaji tena, hakuna atakayekuuliza. Wote watakuelewa." Alitabasamu, akaegemea. "Mtu wa namna ile ni wa kuogopa. Leo ni wewe. Kesho..."

Hakumalizia. Bi Kaimu alimtazama, akaona jasho dogo juu ya mdomo wake, chini ya manukato yote yale. Huyu bwana alikuwa amekaa juu ya ripoti ya Kimya kama mtu aliyekaa juu ya mto wa kiti. Ripoti hiyo ndiyo iliyompa kiti, gari na mafuta, na sasa alitaka aliyeiandika aondoke, na aondoke kwa mkono wa mtu mwingine. Hata dhuluma ya dakika tano hakuweza kuitilia saini mwenyewe. Dharau ikampanda Bi Kaimu, dharau safi isiyo na wivu ndani yake, na kwa mara ya kwanza tangu arudi alijisikia mzima.

"Nitaandika leo," alisema.

"Nilijua tutaelewana."

Alikwenda mezani kwake akaandika athibitishwe. Na asije mtu akasema alifanya hivyo kwa wema, maana hakufanya kwa wema. Kimya bado alimkereketa kooni. Alichotaka ni Slaidi akae kwenye kiti kile mwaka hadi mwaka akijua kwamba pale chini, hatua chache kutoka mlangoni kwake, yupo mtu asiyejikomba, asiyesahau alichofundishwa, na ambaye sasa hafukuziki kirahisi. Penye nafasi ya sababu aliandika: Huripoti kila anachotakiwa kuripoti, hata kinachomhusu bosi wake. Aliisoma sentensi hiyo mara mbili, akaifurahia, akaituma.

Barua ikaja kabla juma halijaisha. Bi Kaimu aliichukua, akangoja mlango wa wateja ufungwe, akashuka nayo mwenyewe hadi dirisha la mwisho. Kimya alikuwa amekusanya muhuri na kalamu zake. Bi Kaimu aliweka karatasi mbele yake juu ya kaunta, akajiandaa kupokea shukrani. Alikuwa na jibu tayari, jibu kavu la kumwambia kwamba asimshukuru mtu, ameipata kwa kazi yake.

Kimya aliivuta barua karibu. Keshia akipewa karatasi yoyote, kabla ya jina na kabla ya kiasi, huanza na tarehe, kwa kuwa tarehe ikiwa mbovu mengine yote hayana maana. Alianza na tarehe. Juu ya karatasi ziliandikwa mbili, ya siku mapendekezo yalipopokelewa na ya siku yalipojibiwa. Kidole chake kilisimama kwenye ya kwanza, kikahamia kwenye ya pili.

"Wamejibu kesho yake," alisema.

"Ndiyo. Safari hii wamefanya haraka."

"Safari hii ndiyo ya kwanza kupelekewa la kuamua."

Bi Kaimu alifungua mdomo. Jibu lililomjia lilikuwa lile lile la siku zote, kwamba mambo ya makao makuu yana taratibu zake, na lilimfikia hadi kwenye ulimi. Lakini Kimya alikuwa amenyanyua uso akimtazama, na katika macho yale hakukuwa na hasira. Bi Kaimu aliyajua macho hayo. Ndiyo aliyoyatumia yeye kwa Mama Rasilimali, na kwa wale wenye tai, na kwa Slaidi siku zote.

Kimya alisoma barua yote hadi chini, kiasi, daraja na bima. Akaikunja, akaitia kwenye mkoba.

"Mama yangu anakata vidonge vya presha nusu nusu," alisema, kwa sauti yake ile ile ya kuwaambia wateja salio. "Mwaka wa tatu huu."

Kisha akamwomba asogee kidogo, kwa kuwa alikuwa amesimama mbele ya droo na yeye alitaka kufunga. Bi Kaimu akasogea.